Nimevunjika mkono, baridi imeingia, umri nao umesogea: niuze baiskeli?

BARUA

Shikamoo dada,

Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu, wala sikudhani ipo siku ningeshika kalamu. Nina miaka 58. Naendesha baiskeli kwa kujifurahisha tu tangu nikiwa na miaka 36. Sijawahi kushindana na mtu, na kazini huwa siendi nayo. Jumamosi asubuhi tunakutana watu saba, mara nyingine tisa, tunakwenda kilomita 50 au 60 na kurudi tukiwa hoi na tunacheka. Hiyo ndiyo starehe yangu kubwa, na mzee wangu anajua kuwa Jumamosi sipangiwi jambo jingine.

Majani yalipoanza kupukutika nilianguka. Ilikuwa kwenye kona ninayoijua kama chumba changu cha kulala. Nikaona majani, nikashika breki, nikasikia helmeti ikigonga ukingo wa barabara. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, nikawekwa plasta wiki sita.

Plasta imetolewa wiki tano zilizopita na mkono umepona. Shida sasa ni baridi. Huku kwetu asubuhi barabara ina barafu, saa kumi jioni giza limeshatanda. Vidole vinakufa ganzi hata nikivaa glavu mbili. Hata kabla sijaanguka, majira ya baridi yalikuwa yananipa tabu: najiambia nitatoka kesho, kesho inanyesha, kesho kutwa kuna upepo, mara wiki tatu zimekwisha na nikirudi barabarani miguu imekuwa ya mtu mwingine. Baadhi ya wenzangu wana vile vifaa vya kuendeshea ndani. Mimi nilijaribu cha rafiki yangu mara moja, dakika ishirini nikaona nimekaa mwaka mzima naangalia ukuta.

Jambo la pili ni kilima. Yapata miaka miwili sasa mimi ndiye wa mwisho. Wenzangu hawana neno baya, wananisubiri juu. Lakini nikifika nawakuta wameshakunywa maji, makoti wameshavaa, na mara tu wanaponiona wanapanda baiskeli na kuondoka. Mimi nafika nahema kama mvukuto, nao wanaondoka. Mara ya mwisho saa yangu ya mkononi ilionyesha mapigo 171. Mzee wangu akapiga hesabu: 220 ukitoa umri wangu ni 162. Akasema nimepita kiwango, nitauacha moyo mlimani.

Mwanangu wa kiume yeye ameshamaliza maneno. Anasema, "Mama, umri umekwenda, uuze hicho chombo kabla hakijakuua." Rafiki yangu kwa upande wake amenitumia habari za yule Mfaransa aliyeendesha akiwa na zaidi ya miaka 100. Badala ya kunitia moyo ikanikera. Mimi nina 58 na siwezi hata kufungua mfuniko wa chupa bila kutumia mkono wa kushoto.

Baiskeli ipo ukumbini imeegemea ukuta. Helmeti imening'inia kwenye usukani, ina mkwaruzo. Matairi yamelala. Kila nikipita naigeuzia uso. Niambie ukweli, dada: niuze?

Ni mimi, Mgeuza Uso

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana na mkono.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Baridi umeiandikia aya ndefu. Kilima umekiandikia aya ndefu. Kona ile umeipa sentensi tatu, tena fupifupi, kisha ukakimbia. Basi mimi naanzia pale pale ulipopakimbia, maana baiskeli haikuegemezwa ukutani na baridi. Baridi ilikuwapo miaka yote 22 uliyoendesha na kila mwaka ulirudi, hata kama kwa kuchelewa.

Hebu tuitazame kona. Tairi linaishika barabara kwa kiasi fulani, halina zaidi. Ukipinda, unatumia sehemu ya kiasi hicho. Ukifunga breki, unatumia sehemu nyingine. Majani yaliyolowa yanakipunguza kiasi chenyewe hadi kinabaki kidogo sana, na wewe ukaomba yote mawili kwa wakati mmoja: kupinda na kusimama. Gurudumu la mbele likateleza, ukaenda chini. Angepita kijana wa miaka 22 akashika breki mahali pale, angelala mahali pale pale. Umri haukukuangusha. Umri umesingiziwa.

Nalisema hili kwa sababu kosa la breki lina dawa. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado umenyooka, kisha achia breki uingie kona tairi likiwa na kazi moja tu. Pedali ya upande wa nje iwe chini, na uzito wako uikandamize. Macho yatazame unakotokea, si majani, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Penye majani mengi, mafuta, reli, mfuniko wa chuma au mstari wa rangi uliolowa, pita ukiwa wima hata kama itakubidi uende taratibu kama mtu anayesindikiza mgeni.

Umri una neno lake, lakini si hapo. Ni kwenye mfupa. Mwanamke aliyepita hamsini akivunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka, hasa kama mwendo haukuwa mkali, inafaa kuuliza kama mifupa imeanza kupoteza uzito wake. Kuna kipimo cha mionzi midogo kinachopima msongamano wa mfupa kwenye nyonga na uti wa mgongo. Hakiumi, wala hakichukui muda. Muulize daktari wako kama ameshafikiria kukuandikia. Wengi wetu hutibiwa mkono, tukaruhusiwa kwenda nyumbani, na swali la pili lisiulizwe na yeyote.

Na hapa nitasema jambo ambalo sisi wapenda baiskeli hatupendi kulisikia: baiskeli haijengi mfupa. Inajenga moyo, mapafu na mapaja, ila mfupa unataka kubebeshwa uzito na kutikiswa, na juu ya kiti cha baiskeli tumekaa kama malkia. Wapo waendeshaji wa mashindano, vijana wenye nguvu za ajabu, wenye mifupa ya mgongo mepesi kuliko ya watu wasiofanya mazoezi yoyote. Kwa hiyo, tembea. Panda ngazi. Na mara mbili kwa wiki nyanyua vitu vizito: chuchumaa ukiwa umebeba mzigo, inuka, sukuma ukuta, baadaye sakafu. Usianze kwa fujo, ila usibaki na vile vyuma vyepesi vya kuchezea. Misuli nayo huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Kipupwe hiki ambacho barabara imefungwa na barafu ndicho wakati wake. Ukifanya hivyo mpaka siku zirefuke, hata kilima kitakusalimia vingine.

Sasa mkono. Umeniambia umepona, mistari michache mbele ukaniambia mfuniko wa chupa unaufungua kwa kushoto. Mdogo wangu, mfupa umeunga, mkono haujapona. Ni mambo mawili. Wiki sita za plasta zinaunganisha mfupa, lakini nguvu ya kushika na wepesi wa kukunja kifundo hurudi kwa miezi, mara nyingine hadi mwaka. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya kifundo chenyewe, na uyafanye kila siku, si siku unapokumbuka. Kamua kitambaa kilicholowa. Jiinue kutoka kitini kwa viganja. Na endelea kuufanyisha kazi mkono wa kushoto pia: imeonekana kuwa ukiutia nguvu mkono mzima, hata ule uliofungwa hupoteza nguvu chache kuliko ambavyo ungepoteza. Mwili una mambo.

Kabla hujatoka barabarani, jipe mtihani huu. Simama na baiskeli ukumbini, shika breki ya kulia kwa nguvu zote kama vile mtoto amekatiza mbele yako. Achia. Rudia mara kumi. Ikiwa mara ya saba mkono unatetemeka au unauma, barabara bado. Sitaki kusikia kwamba ulijaribu tu kidogo. Mimi nilivunjika mtulinga nikiwa na miaka 61, wiki ya tano nikajiona shujaa nikatoka, nikagonga shimo dogo ambalo siku nyingine nisingelisikia. Maumivu yale yalinirudisha nyumbani nikisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, kilomita nne.

Wakati huo huo irekebishe baiskeli ikufuate wewe. Karibu na kishikio cha breki huwa kuna skrubu ndogo ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Ukiikaza, kishikio kinasogea karibu na vidole, na mkono dhaifu unapata nguvu bila kujinyoosha. Usukani upandishe sentimita mbili tatu ili uzito urudi kwenye makalio. Hakikisha pua ya kiti haijainama, maana ikiinama unateleza mbele mchana kutwa na viganja ndivyo vinavyokuzuia. Fundi akikuwekea matairi mapana zaidi, ya milimita 38 au 40 kama fremu inaruhusu, na upepo kiasi, mitetemo inapungua sana kabla haijafika kwenye kifundo. Na ukisikia ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani. Badilisha mshiko, usisubiri.

Nilisema naanzia kwenye kona, sasa narudi huko, kwa sababu kuijua fizikia yake hakutoshi. Woga hauondoki kwa kuelezwa. Mimi baada ya mtulinga nilishuka kila mteremko kwa miezi mitatu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Kilichonisaidia ni kurudi mahali penyewe, kwa hatua ndogondogo hadi pakachosha. Fanya hivi: siku kavu, nenda kwa miguu. Peke yako au na mzee wako. Simama pale. Angalia lami imeinamia wapi, maji yanatokea wapi, mti upi unamwaga majani. Utakuta ni kona tu, ndogo kuliko ile inayokujia usiku. Siku nyingine nenda ukiisukuma baiskeli. Siku nyingine ipite ukiwa juu yake, mwendo wa kutembea. Irudie mara tano siku hiyo hiyo. Wiki nyingine ongeza kidogo. Moyo ukidunda, si dalili ya kuacha. Rudia mwendo ule ule mpaka udunde kawaida, ndipo uongeze. Usiende na kundi zima, watakupigia makofi, na makofi yataharibu kila kitu.

Haya, baridi. Hapa sitakaa sana kwa sababu mengi unayajua. Hewa ya nyuzi 0, ukienda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi 5 chini ya sifuri, kwa hiyo vaa kwa ajili ya upepo na si kwa ajili ya namba iliyo kwenye simu. Glavu mbili zinazobana ni mbaya kuliko moja pana, maana zinaikaba damu isifike kwenye vidole. Tafuta zile zenye vyumba viwili au vitatu badala ya vidole vitano, vidole vipashane joto. Vidole vikigeuka vyeupe kama chaki na kuuma vinapopata moto, mwambie daktari. Madigadi ni lazima. Cheni ioshwe na kutiwa mafuta kila ukirudi kwenye barabara iliyomwagwa chumvi, la sivyo ukifika mwisho wa msimu imekuwa kutu tupu.

Barafu ni habari nyingine. Matairi yenye vichwa vya misumari yanashika barafu vizuri kweli, na kuna watu wanaoishi kwa hayo. Oulu, kule Ufini, ndiko lilikofanyika kongamano la kwanza la uendeshaji baiskeli wa majira ya baridi mwaka 2013, na watu wa kule wanaendesha theluji ikiwa imejaa. Lakini njia zao zinasafishwa na kushindiliwa, theluji inakuwa ngumu na sawasawa. Barafu ya kuvizia juu ya lami nyeusi, hasa kwenye madaraja ambako baridi inapita juu na chini, hiyo sikushauri hata kidogo mwaka huu. Kifundo chako hakiwezi kuanguka mara ya pili. Kanuni yangu ni hii: usiku ukishuka chini ya nyuzi 3, sitoki mpaka saa sita mchana. Na giza nalo liheshimu. Hapa ndipo umri unaposema kweli: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi tu ya mwanga ambao jicho la kijana wa miaka 20 hupokea. Ile taa iliyokutosha ukiwa na 36 haitoshi tena. Nunua yenye nguvu, au endesha mchana.

Umeniambia unaahirisha mpaka wiki tatu zinapita na miguu inakuwa ya mtu mwingine. Hukukosea. Watu waliozoea mazoezi makali wakiacha kabisa, uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni hushuka takriban asilimia 7 kwa siku 21. Sehemu kubwa ya hasara ya mwanzo ni maji ya damu kupungua, na hayo hurudi haraka ukianza tena, ndiyo maana wiki ya kwanza ni chungu na ya tatu unajiuliza ulikuwa unalalamikia nini. Kinachozuia kushuka si kukaa muda mrefu juu ya baiskeli. Ni kuhema. Mara mbili kwa wiki, dakika chache za kuhema kweli, zinalinda mengi.

Kwa hiyo kile kifaa cha ndani usikitupe. Kosa lako lilikuwa kukitumia kama barabara. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekaa saa nzima akitazama ukuta. Mimi nakiita dawa: kichungu, kifupi, kinanywewa mara moja. Pasha mwili dakika 10. Kisha dakika 4 ngumu kiasi kwamba unaweza kusema maneno mawili tu, dakika 3 za kupiga pedali polepole. Kila unapopanda, jozi hiyo irudie mara mbili katika wiki za mwanzo, baadaye mara tatu, mwishowe mara nne. Poza mwili, shuka. Haizidi dakika 45. Weka feni mbele yako, kubwa, maana ndani hakuna upepo wa kukupoza na joto ndilo linalokufanya uone mwaka mzima umepita. Na uzuri wake kwa sasa: viganja havina kazi. Ukiweza kuinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani bila kuteleza mbele, kiti na usukani vimekaa sawa.

Nije kwenye kilima, kwa sababu hapa nilicheka, kisha nikakasirika kwa niaba yako.

Wenzako wanakusubiri dakika ngapi? Tuseme sita. Wanapumzika dakika sita, wanakunywa maji, wanavaa makoti. Wewe unafika, hupumziki hata moja. Halafu unaanza kipande kinachofuata ukiwa na deni, unachelewa tena, wanapumzika tena. Kila kilima kinakuongezea deni. Halafu jioni unajiambia umezeeka! Hata mwenye kasi kuliko wote pale, mpangie utaratibu huo na saa mbili baadaye atakuwa nyuma yako.

Waambie. Si kwa kulalamika, waambie kama unavyopanga safari: saa ya mapumziko inahesabiwa kuanzia mtu wa mwisho anapofika. Au ondoka robo saa kabla yao, wakukute juu. Kwenye tambarare kaa nyuma ya mtu mwenye mabega mapana, upepo umkute yeye. Kwa mwendo wa kundi unaokoa robo ya nguvu au hata zaidi, na nguvu hiyo unakwenda kuitumia kilimani ambako kivuli cha mtu hakisaidii. Mwambie fundi akuwekee gia nyepesi zaidi nyuma. Magoti yatashukuru pia.

Na baiskeli yenye mota? Najua utanuna, mimi mwenyewe nilinuna. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mota ya kawaida ina wati 250 na huacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, tena haisaidii usipopiga pedali. Haikugeuzi abiria. Sikushauri uinunue leo, kwa sababu tatizo lako la kilimani kwa maoni yangu ni la dakika sita zile. Lakini ikija siku ambayo uchaguzi ni mota au kubaki nyumbani Jumamosi, chagua mota na usimwombe mtu radhi.

Mapigo 171: mzee wako ana nia njema na hesabu ya kale. Hiyo 220 ukitoa umri ni wastani wa watu wengi, si sheria ya moyo wako. Hesabu iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 ukitoa umri mara 0.7, inakupa 167, nayo pia ni wastani. Wapo watu wa umri wako ambao kilele chao ni 150 na wengine 180, wote wazima. Usitishwe na namba peke yake, wala usiupuuze mwili unaposema. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya, au moyo kurukaruka bila mpangilio hata ukiwa umeketi: hapo unashuka na kwenda kwa daktari, siku hiyo hiyo. Hilo la mwisho la moyo kukosa mpangilio huwapata zaidi watu waliofanya mazoezi marefu miaka mingi, kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe ni mwanamichezo halikuhusu. Na kwa kuwa umevuka 50 na unataka kuanza kuhema kwa makusudi, mwombe daktari akupime moyo na shinikizo la damu kwanza. Utakuwa unakwenda kwa ajili ya mifupa hata hivyo.

Yule Mfaransa aliyekukera ni Robert Marchand. Kila anayefika umri wetu anatajiwa, na nakuelewa kukereka. Lakini mimi kinachonivutia kwake si kwamba aliendesha akiwa na miaka 100. Mwaka 2012 alikwenda kilomita 24.25 kwa saa moja. Mwaka 2014, akiwa na 102, akaenda kilomita 26.92. Aliongeza! Wataalamu waliokuwa wakimfuatilia walikuta kati ya miaka 101 na 103 uwezo wake wa kutumia oksijeni ulipanda, kwa mazoezi ambayo sehemu kubwa yalikuwa mepesi na sehemu ndogo magumu. Na kuendesha kwa dhati alikurudia akiwa ameshapita 65, baada ya miaka mingi ya mapumziko. Wewe umepumzika wiki kumi na moja.

Mwanao usimjibu kwa hotuba. Ameona mama yake amefungwa plasta, ana haki ya kuogopa. Mwoneshe mambo: kwenye simu mpe ruhusa ya kuona ulipo ukiwa barabarani. Mpigie ukitoka, mpigie ukirudi. Mwambie kwa kinywa chako kuwa kwenye barafu hutoki. Na siku ya kuipita kona kwa miguu, ukimwomba akusindikize, nadhani atakuja.

Kwa hiyo, usiuze. Leo tia upepo matairi hata kama hutoki mwezi huu, kwa sababu tairi lililolala kwenye rimu muda mrefu hupasuka mbavuni, na ukumbini hapo utaacha kuigeuzia uso chombo kilichosimama vizuri.

Helmeti ile iondoe kwenye usukani. Umeandika ina mkwaruzo, kana kwamba ni rangi tu iliyochubuka. Povu la ndani hubonyea mara moja na haliinuki tena, hata kama kwa nje huoni ufa, na yako imeshafanya kazi yake pale ukingoni. Kabla ya kuitupa, chukua mkasi ukate kamba zake, asije mtu akaiokota akaivaa.